Tufani Aliyesahau Kutembea

Kila asubuhi, jua likiwa bado linajinyoosha nyuma ya Mawenzi, Magdalena alikuwa ameshashuka tambarare kukata majani na sasa anapanda kurudi nyumbani. Mzigo wake ulikuwa mkubwa ajabu. Ukiuona kwa mbali, ungedhani kichaka kimechoka kukaa mahali pamoja, kikaamua kwenda Machame kusalimia ndugu zake. Chini ya kichaka hicho palionekana miguu miwili na pindo la kanga. Ndani yake ilitoka sauti ikiimba pambio.

"Kichaka, hujambo?" majirani walimtania.

"Sijambo. Nipisheni, shingo inawaka."

Majani yale hayakuwa ya ng'ombe, wala ya mbuzi. Yalikuwa ya farasi.

Ndiyo, farasi. Mume wake, Ebenezeri, alikuwa amepika miaka thelathini kwa mzungu mmoja kule Siha. Mzungu huyo alikuwa na kambi ya kuwapandisha watalii farasi. Ebenezeri alikuwa mpishi hodari. Akikaanga vitunguu, watu walisema hata ukungu wa mlimani ulishuka kuja kuonja. Mwaka 1998, baada ya zile mvua kubwa zilizokula barabara na madaraja, mzungu alifunga kambi. Siku ya kuagana akamwuliza Ebenezeri anataka zawadi gani.

Mtu mwingine angeomba jiko, au baiskeli. Ebenezeri alichungulia dirishani. Nje kulikuwa na farasi jike, kijana wa mwaka mmoja na nusu, mwekundu kama udongo wa Kibosho, anarukaruka kwenye ua.

"Namtaka yule," akasema.

Basi akapewa. Farasi huyo aliitwa Tufani, na jina lilimfaa. Alitembea kutoka Siha hadi Machame kwa miguu yake mwenyewe. Alipofika kijijini alipiga teke karai la maji, likaruka juu ya mgomba. Watu walijaa uani mpaka kuku wakakosa pa kusimama. Kikongwe mmoja aliuliza anatoa maziwa lita ngapi. Elimringi, kaka yake Ebenezeri, alimzunguka mara tatu.

"Pembe zake ameziacha wapi?" akauliza.

"Farasi hana pembe, kaka."

"Hana pembe, hana maziwa, na haliwi. Sasa huyu ni mnyama au ni mgeni?"

Watu wakacheka. Lakini Ebenezeri alivimba kwa fahari. Alimpenda Tufani. Na Magdalena naye, ambaye mwanzoni alimwogopa, siku ya tatu alimpa ganda la ndizi. Tufani akalichukua polepole, kwa midomo laini. Basi, mama akawa ameshikwa.

Sasa wapi atakaa? Swali hilo halikuwa na ubishi. Pale mlimani, kihamba cha mtu, yaani shamba lake la migomba na kahawa, kimepakana na kihamba cha mwenzake. Mnyama akizurura, leo anakula maharage ya jirani, kesho mko kwa mjumbe. Kwa hiyo mnyama hukaa bandani, na chakula humfuata humo. Ndivyo walivyofuga baba zao na babu zao.

Banda la ng'ombe lilikuwa tupu. Ebenezeri akalikarabati vizuri. Alimwaga saruji sakafuni, akaiinamisha upande mmoja ili mkojo uteremke kwenye shimo la samadi. Akaweka kihondi cha chakula mbele. Akamfunga Tufani kwa kamba fupi, kichwa kikielekea kihondini.

"Mimi mnyama wangu hatahangaika kama kuku," alisema. "Ataletewa kila kitu."

Aliletewa kweli. Majani asubuhi. Ndoo ya pumba mchana, ndoo nyingine jioni. Migomba iliyokatwakatwa, maji, na maganda ya ndizi. Magdalena aliondoa samadi kila siku, lakini ndani ya banda kulikuwa na giza na macho yake yalikuwa kwenye jembe. Watu waliokuja kumwangalia Tufani walisimama mbele, wakaona kichwa kizuri kinatafuna. Miezi tisa ikapita hivyo. Kijiji kizima kilimjua Tufani kwa uso tu.

Ikafika sikukuu ya mavuno. Ebenezeri alikuwa ameahidi mbele ya wazee wa kanisa.

"Jumapili Tufani mwenyewe ataleta sadaka yangu. Atabeba mkungu wa ndizi hadi mlangoni kwa Bwana!"

Jumapili watu walipanga mstari barabarani toka asubuhi. Kwaya ilikuwa tayari. Ebenezeri alivaa suti ya arusi yake, ambayo sasa ilimkumbatia zaidi ya mke wake. Akamfungua Tufani, akamtoa nje kwenye mwanga, akamwekea mkungu mgongoni.

"Twende, binti yangu!"

Tufani akapiga hatua moja. Halafu ya pili. Kwaya ikaanza kuimba.

Kisha kwaya ikanyamaza, sauti moja baada ya nyingine.

Mguu wa nyuma wa kushoto haukuinuka. Uliburuzwa, ukakwaruza mchanga. Mguu wa kulia ulipiga hatua ndefu, wa kushoto hatua fupi. Nyonga moja ilipanda, nyingine ikazama, kama mashua inayoingia maji. Walipofika kwenye kona, Ebenezeri alimvuta ageuke. Miguu ya nyuma ikapishana. Mkungu ukaanguka. Tufani naye akaketi chini kwa makalio, kama mbwa, macho yamemtoka.

Magdalena alikuwa amesimama nyuma yake, na kwa mara ya kwanza alimwona Tufani kwa nyuma, juani. Paja la kulia lilikuwa la mviringo. Paja la kushoto lilikuwa limebonyea, kama mto wa kitanda uliotolewa sufi. Mfupa wa nyonga ulichomoza chini ya ngozi.

"Mae!" Magdalena alishika mdomo. "Nyama imekwenda wapi?"

"Amerogwa," mtu akanong'ona.

"Ni jicho," mwingine akasema. "Watu walimwangalia mno."

Elimringi akapasua kundi la watu. Alikuwa mtu wa kujiamini. Angeweza kumfundisha samaki kuogelea. Akaigonga nyonga ya Tufani kwa kidole.

"Baridi imeingia kwenye mfupa," akatangaza. "Dawa yake ni moto. Jumamosi nakuja na chuma changu. Nitamchoma hapa, hapa, na hapa."

"Kaka, umewahi kuchoma nyonga?" Ebenezeri aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nimechoma ng'ombe ishirini!"

"Na wote waliacha kuchechemea?" Magdalena aliuliza.

"Wote."

"Walipona, shemeji?"

Elimringi akakohoa. "Waliliwa."

Ilichukua watu wanne kumwinua Tufani na kumrudisha bandani. Ebenezeri hakwenda kanisani. Alikaa kwenye kigoda na suti yake, anatazama chini.

"Mama Aikaeli," alimwambia mkewe mwishowe, "Jumamosi kaka atamchoma. Asipotembea baada ya hapo, nitamwita mwenye bunduki. Sitamwacha ateseke."

Magdalena akashtuka kama aliyemwagiwa maji ya mto. "Bunduki? Kwa Tufani?"

"Unataka nimfanyeje?"

Magdalena akahesabu kwa vidole. Alikuwa na siku sita tu.

Jumatatu kila mmoja alishika njia yake. Ebenezeri alikwenda Moshi mjini. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, na maduka ya dawa za mifugo yalikuwa yanaota kila kona. Wengine waliouza humo walijua kazi. Wengine jana yake walikuwa wanauza viatu. Magdalena yeye alishuka Bomang'ombe, akauliza penye watu wa mifugo. Alielekezwa kwa daktari mmoja aitwaye Yuditha.

"Farasi?" Daktari Yuditha aliuliza, akaweka kalamu mezani. "Mama, una hakika si punda?"

"Mwanangu, nimembebea majani miezi tisa. Punda namjua."

Jumatano asubuhi pikipiki ilinguruma uani. Akashuka mwanamke kijana mwenye mabuti ya mpira na begi kubwa. Ebenezeri akatoka mbio, akatazama nyuma ya pikipiki.

"Karibu. Na daktari yuko wapi?"

"Shikamoo, baba. Daktari ni mimi."

Ebenezeri alibaki mdomo wazi. Nzi wawili walipita karibu na mdomo ule na kuona kama ni nyumba ya kupanga. "Marahaba," akasema alipoweza. "Wewe... unawajua farasi?"

"Nilisoma Morogoro. Halafu nilifanya kazi mwaka mmoja Arusha, kwenye shamba la farasi. Mmempa dawa yoyote?"

Ebenezeri akatoa chupa mfukoni kwa fahari. "Bado. Lakini hii nimeinunua Moshi. Sindano ya nguvu za misuli. Muuzaji amesema ni kali."

Daktari Yuditha alisoma karatasi ya chupa. Akaisoma tena. "Baba, hii ni dawa ya minyoo ya kuku."

"Ya kuku!"

"Na si ya sindano. Huwekwa kwenye maji ya kunywa. Tafadhali, msimchome mnyama dawa ambayo hamjui kazi yake. Mngeweza kumuua."

Magdalena alimtazama mumewe. Mumewe alitazama migomba.

Daktari alianza kazi. Alimpima Tufani joto. Alimpapasa mguu toka nyonga hadi kwato, akitafuta uvimbe au mfupa uliovunjika. Akainua kwato, akaisafisha kwa kisu, akaangalia kama kuna msumari au usaha. Alimkagua kupe masikioni na chini ya mkia. Kisha akamwambia Magdalena amtembeze polepole uani, na yeye akafuata nyuma. Ghafla akaushika mkia, akauvuta pembeni.

"Unafanya nini?" Ebenezeri akaruka.

"Namwuliza swali," alisema daktari. "Nikimvuta, je, anajikaza au anaanguka? Tazama. Anajikaza. Anayumba, lakini anajua miguu yake iko wapi. Hiyo ni habari njema. Ungekuwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu, angeniangukia."

Akatoa uzi. Akauzungusha kwenye paja la kulia, akafunga fundo. Akauzungusha kwenye paja la kushoto, mahali palepale, akafunga fundo jingine. Fundo la pili lilikuwa nyuma ya lile la kwanza kwa vidole vinne vizima.

"Sasa nionyesheni anakolala."

Waliingia bandani, Magdalena akimvuta Tufani nyuma yao. Daktari alisimama mpaka macho yakazoea giza. Halafu akamwomba Ebenezeri ile chupa. Akailaza sakafuni kwenye saruji na kuiachia.

Chupa ikaanza kubiringika. Ikapita pale Tufani alipokuwa akifungwa, ikashika kasi, ikatumbukia kwenye shimo la samadi.

"Dawa yako imefanya kazi, baba," daktari alisema. "Imetuonyesha ugonjwa."

"Sijaelewa," alisema Ebenezeri.

"Simama hapa. Simama kama anavyosimama yeye, uso kihondini. Mguu wa kushoto uko wapi?"

"Juu."

"Na wa kulia?"

"Chini."

"Sasa kaa hivyo miezi tisa."

Ebenezeri alisimama. Baada ya muda mfupi alianza kuegemea mguu mmoja na kuulegeza mwingine.

"Umeona?" alisema daktari. "Hata Tufani alifanya hivyo. Uzito wote aliuweka mguu wa kulia. Wa kushoto akaupumzisha. Misuli isiyofanya kazi hunywea, kama mkono wa mtu aliyefungwa plasta ukifunguliwa. Kwato nayo, kwa sababu haisagwi na ardhi, imerefuka kama kiatu cha kuazima. Ng'ombe husimama bandani na kucheua, na hata yeye sakafu kama hii inamchosha. Farasi ni mnyama wa kutembea. Usiku na mchana anatembea, anauma nyasi, anatembea tena. Na huyu ni kijana, mifupa bado inakua. Mnampa nini?"

"Pumba," Magdalena alijibu haraka. "Ndoo mbili kila siku. Hatujawahi kumnyima."

Daktari akafumba macho kidogo. "Mama, pumba nyingi hivyo zinamshibisha tumbo na kuinyima mifupa yake chokaa. Na mgomba ni maji matupu."

Magdalena akauliza swali lililokuwa linamkereketa koo toka Jumapili. "Daktari, nani amemfanyia hivi?"

Daktari Yuditha hakupenda kujibu. Lakini alijibu. "Hakuna aliyemroga, mama. Ni ninyi. Hamkujua."

Magdalena aliketi palepale, juu ya ndoo ya pumba. "Mimi? Mimi ninayeshuka tambarare kila siku? Mimi niliyembebea majani mpaka nywele za utosi zikaisha?"

"Majani uliyombebea, mama, yeye angeyafuata mwenyewe. Kule kuyafuata ndiko kungempa nguvu."

Magdalena alijifunika uso kwa kanga. Alipigwa na neno hilo kuliko bunduki na chuma cha moto. Miezi tisa aliamka kabla ya ndege ili ampende mnyama yule. Kumbe kila mzigo ulikuwa unamwondolea hatua zake. Tufani alinyoosha shingo, akanusa kanga, akapuliza pumzi ya moto sikioni mwake.

"Atapona?" aliuliza akiwa ndani ya kanga.

"Sitakudanganya. Kama ni misuli tu, atarudi polepole. Baada ya wiki sita nitapima tena na uzi huu. Usiposogea hata kidogo, basi kuna jambo jingine ndani, na nitawaambia ukweli."

"Na kumchoma?" Ebenezeri aliuliza.

"Msimchome! Moto haurudishi msuli. Unaleta kidonda na maumivu, na mnyama mwenye maumivu atazidi kuuficha mguu."

Siku ileile daktari alizipunguza kwato kwa kisu na tupa, kidogo kidogo, asimkate nyama. Aliwaeleza la kufanya, na Ebenezeri alirudia kila neno kwa sauti kama mtoto wa shule. Tufani asifungwe tena. Akae mahali pa udongo, tambarare na pakavu, ageuke anavyotaka. Pumba zipunguzwe polepole hadi ziwe konzi chache tu, na badala yake apate nyasi nzuri, kavu na mbichi, muda wote. Madini atayapima daktari mwenyewe, kwa sababu vyakula vingine vya ng'ombe ni sumu kwa farasi. Na atembezwe. Wiki ya kwanza dakika kumi, asubuhi na jioni, mahali pa sawa. Halafu muda uongezwe. Asikimbizwe, wala asibebeshwe kitu. Wiki za baadaye aanze kupanda mlima, taratibu, na kuvuka fito zilizolazwa chini ili ajifunze kuinua miguu.

"Mlima upo," alisema daktari akitazama juu. "Wenye farasi wengine wanautafuta. Akipanda, anajisukuma kwa miguu ya nyuma. Hiyo ndiyo dawa yake, na haiuzwi dukani."

Tatizo lilikuwa uwanja. Kihambani hakukuwa na nafasi hata ya kugeuza mkokoteni. Ebenezeri alizunguka mara mbili, akasimama kwenye kahawa za zamani upande wa mashariki. Zilikuwa zimezeeka, na bei ya kahawa miaka ile ilikuwa imeanguka vibaya. Akachukua jembe na shoka.

Jumamosi Elimringi alifika na chuma chake begani. Alikuta nusu ya kahawa zimelala chini. Chuma kikamdondoka, kikakosa kidole chake cha mguu kwa unywele.

"Ebenezeri! Kahawa za baba!"

"Kahawa za baba, kaka. Karibu."

"Unang'oa kahawa za marehemu baba yetu ili farasi apate pa kutembea?"

"Ndiyo."

"Mama Aikaeli, mumeo amepata wazimu. Washa moto nifanye kazi yangu, labda tuanze na yeye."

Magdalena akasimama mlangoni mwa banda, mikono kiunoni. Hakuwahi kumpinga shemeji yake toka aolewe.

"Shemeji, nakuheshimu. Chai ipo, mtori upo. Moto wa chuma haupo. Tufani hachomwi."

Elimringi alimtazama kama mtu aliyesikia kigoda kikiongea. Akaokota chuma chake. "Mtanikumbuka," akasema. Lakini mtori aliunywa kwanza, bakuli mbili.

Mateso ya wiki zile, Magdalena aliyajua peke yake. Alimshika Tufani kwa kamba na kutembea naye barabarani, asubuhi na jioni. Watu walitoka milangoni.

"Mama Aikaeli, nani anamtembeza mwenzake?"

"Tunatembezana."

"Kichaka amepata mchumba!"

Alicheka nao, lakini macho yake yalikuwa nyuma, kwenye nyonga ile. Alisikiliza kwato. Sauti ya afya ingekuwa sawasawa, kama mtu anayetwanga. Ya Tufani ilikuwa tatu na mkwaruzo. Tatu na mkwaruzo. Hata kanisani alisikia mkwaruzo.

Wiki ya nne Ebenezeri akaharibu. Alimwona Tufani amechangamka, akasema moyoni kwamba amepona. Magdalena akiwa sokoni, alimtoa, akampigia makofi ateremke mlima mbio. Tufani alikimbia hatua sita. Mguu wa kushoto ukachelewa. Akaanguka kifudifudi, akabiringika mpaka kwenye mfereji.

Magdalena alirudi, akakuta mume wake amekaa mferejini ndani ya maji, amekumbatia kichwa cha farasi.

"Nimemuua, Mama Aikaeli."

"Hujamuua. Anakula kofia yako."

Daktari aliitwa. Alikuta michubuko ya magoti tu, lakini Ebenezeri alikaripiwa mpaka masikio yakawa mekundu. "Baba, mtu aliyelala hospitali mwezi mzima, unamtoa kitandani na kumwingiza kwenye mbio? Mteremko ni mgumu kuliko mwinuko. Msuli haujengwi kwa siku moja kama banda."

Wiki ya sita uzi ukatolewa. Magdalena hakuweza kutazama. Aligeukia migomba.

"Vidole vitatu," alisema daktari.

"Si vinne?"

"Vitatu, mama. Umesogea!"

Magdalena alipiga kigelegele kikasikika, watu wanasema, mpaka Rau, kule chini karibu na Moshi. Kwa wiki zilizofuata alitembea kama aliyepewa miguu mipya. Walipanda hadi karibu na msitu. Walivuka fito, mwanzo Tufani akizigonga zote, baadaye moja, baadaye hakuna. Ilipofika mwezi wa tano wa kutembezwa, uzi ulionyesha tofauti ya nusu kidole.

Asubuhi moja, Magdalena alikuwa anamtembeza kandokando ya uwanja wa mpira wa shule. Ilikuwa likizo, na uwanja ulikuwa mtupu. Daktari Yuditha alikuwapo, pia Ebenezeri. Elimringi naye alikuwa amesimama mbali, akijifanya amekuja kutafuta fimbo.

"Mwachie kamba," alisema daktari.

"Nimwachie?" Magdalena alishtuka. "Akianguka je?"

"Mwachie, mama."

Magdalena akampapasa shingo. Akafungua. Tufani akasimama kidogo, kama asiyeamini. Akatikisa kichwa. Akaanza kutembea, halafu akaongeza mwendo. Magdalena alisikiliza. Moja, mbili, tatu, nne. Sawasawa. Hakukuwa na mkwaruzo.

Kisha Tufani akaondoka. Hakuna neno jingine. Vumbi lilipanda, nyasi ziliruka, kunguru waliokuwa golini walihama bila kuaga. Alizunguka uwanja mzima, akakata kona kali kama ile iliyomwangusha, miguu ya nyuma yote miwili ikimsukuma kwa nguvu sawa. Akapiga teke angani. Ebenezeri alivua kofia yake iliyotafunwa, akashindwa kuirudisha kichwani.

Magdalena alikuwa anacheka na kulia pamoja. Mkononi alishika kamba tupu.

Elimringi alisogea polepole mpaka alipokuwa daktari. Alikohoa.

"Daktari."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hivi... ng'ombe wangu naye. Ana mwaka wa nne hajatoka bandani. Siku hizi akiamka anatetemeka nyuma. Nilikuwa nafikiria chuma."

"Sakafu yake ikoje, baba?"

Elimringi alitazama uwanja, alitazama Tufani, kisha alitazama viatu vyake. "Imeinama," akasema.

"Nitakuja kumwona kesho. Leo mfungulie, mtembeze taratibu."

"Mimi? Na ng'ombe? Barabarani?"

Kesho yake asubuhi, Magdalena na Tufani walipokuwa wanapanda mlima, walikutana na wawili njiani. Mbele alikuwa Elimringi, mkono kiunoni, akipumua kwa shida. Nyuma alifuata ng'ombe wake mnene, kamba ikiwa imelegea. Wote wawili walikuwa wanachechemea.

Magdalena akamvuta Tufani pembeni, akawapisha njia.